Shajara ya mradi: kupima mtikisiko wa wimbi la mshtuko kwenye ncha za mapanga ya kompresa

Februari. Swali na mtambo

Mradi huu umeanzishwa ili kujibu swali ambalo kulitamka ni rahisi lakini kulipima ni kazi. Ndani ya kompresa ya injini ya jeti, ncha za mapanga zinapokimbia kuliko sauti, wimbi la mshtuko, yaani mpaka mwembamba sana ambapo shinikizo la hewa huruka ghafla, hujijenga kati ya panga na panga, na wimbi hilo halitulii mahali pamoja. Tunataka kujua linahama kwa kiasi gani hasa, baada ya kuondoa kila kinachotokana na vifaa vya kupimia badala ya hewa.

Mtambo tulio nao katika maabara yetu hapa Ujerumani ni kompresa ya hatua moja. Rota yake, yaani gurudumu linalobeba mapanga, ina mapanga 18 na kipenyo cha milimita 400, na huzungushwa na mota ya umeme kwa mizunguko 18,000 kwa dakika, kwa hiyo ncha ya panga hukimbia mita 377 kwa sekunde. Hewa huingia kwa mita zipatazo 180 kwa sekunde, na kwa kuwa hupoa kidogo inapoongeza mwendo, kasi ya sauti ndani yake ni kama mita 331 kwa sekunde. Ukiunganisha mwendo wa panga na mwendo wa hewa kwa kanuni ya Pithagora, panga hukutana na hewa inayokuja kwa mita 418 kwa sekunde, yaani namba ya Mach (mwendo ukigawanywa kwa kasi ya sauti) 1.26. Mshtuko uliosimama wima mbele ya hewa ya mwendo huo hupandisha shinikizo mara 1.69, na hufanya hivyo ndani ya unene usiofika mikromita chache.

Wahandisi hawauogopi mshtuko huu kama wengi wanavyodhani. Maadamu namba ya Mach mbele yake haizidi sana 1.4, hasara inayoletwa na mshtuko wenyewe ni ndogo ukilinganisha na shinikizo linalopatikana, ndiyo maana feni za mbele za injini za ndege za abiria na hatua za kwanza za kompresa za ndege za kivita zimeachwa zikimbie kuliko sauti kwenye ncha. Tabu huanza pale mshtuko unapogusa tabaka jembamba la hewa inayojikokota juu ya uso wa panga, au unapokutana na kisulisuli kinachozaliwa na hewa inayochuruzika katika mwanya kati ya ncha ya panga na ganda la kompresa. Hapo tabaka hunenepa au hubanduka, kisulisuli huvimba, na mshtuko huanza kwenda mbele na kurudi nyuma. Mtikisiko huo hula ufanisi, huyatetemesha mapanga, na karibu na mpaka wa uendeshaji huandamana na dalili za kwanza za hewa kukatika, yaani mtiririko kushindwa kuyafuata mapanga.

Tunao wa kuwatazamia. Katika kituo cha utafiti cha NASA mjini Cleveland, Ohio, kilichoitwa Lewis na ambacho tangu 1999 kinaitwa Glenn, rota mbili zilipimwa kwa leza kwa undani kiasi kwamba hadi leo anayeandika programu mpya ya kukokotoa mtiririko wa hewa hawezi kuziruka. Rotor 67 ina mapanga 22, mizunguko 16,043 kwa dakika na namba ya Mach 1.38 kwenye ncha; Rotor 37 ina mapanga 36, mizunguko 17,188, ncha zinazokimbia mita 454 kwa sekunde, na huzidisha shinikizo mara 2.1 kwa hatua moja tu. Mwaka 1994 chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, kiliwaalika wakokotoaji watabiri mtiririko wa Rotor 37 kabla ya kuonyeshwa vipimo, na majibu yao yalitawanyika kuliko walivyotarajia wenyewe. Mengi yameandikwa kuhusu sababu za mtawanyiko huo. Kwangu mimi lenye uzito ni jambo dogo zaidi: katika ramani za wastani za vipimo vya aina hii mshtuko huchorwa kama mteremko wenye upana wa milimita kadhaa, ilhali tunajua fika kwamba mshtuko halisi ni mwembamba kuliko unywele. Upana huo umetoka mahali fulani, na mradi huu ni wa kuugawa kwa wenyewe.

Machi. Vihisi na matundu

Kuupiga picha mshtuko kwa mbinu aliyoibuni August Toepler mwaka 1864, ile ambayo Ernst Mach na Peter Salcher waliitumia kuonyesha mshtuko wa risasi katika matokeo waliyoyatoa mwaka 1887, kunahitaji mwanga upite katika mtiririko kutoka upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kizuizi. Rota haitoi nafasi hiyo. Kwa hiyo tumekwenda njia iliyozoeleka ya kutoboa ganda juu ya ncha za mapanga na kupandikiza vihisi vya shinikizo vinavyotazama ndani.

Kihisi tulichochagua ni mrija wa chuma wenye kipenyo cha milimita 1.6, na ndani yake kuna kiwambo cha silikoni chenye vipinga vya umeme ambavyo hubadili ukinzani kiwambo kinapopinda. Kiwambo ni kidogo kuliko mrija, na juu yake watengenezaji huweka wavu wa chuma wenye vitundu ili chembe ya vumbi isikipasue. Wavu ni bima nzuri lakini huacha kijichumba cha hewa kati yake na kiwambo, na kila kijichumba kina sauti yake, kama chupa unayoipuliza mdomoni. Hesabu yake ni nyepesi: mrija uliozibwa upande mmoja hulia kwa kasi ya sauti ikigawanywa kwa mara nne ya urefu wake. Mrija wa milimita 10 hulia karibu na kilohezi 8.5, ambayo inaangukia katikati ya mpigo wa kwanza wa mapanga yetu (idadi ya mapanga yanayopita mbele ya kihisi kwa sekunde) na wa pili (mara mbili yake), yaani kilohezi 5.4 na 10.8, na hivyo ungetuchafulia kila kitu. Kijichumba cha milimita moja hulia kwenye kilohezi 85, mbali kiasi cha kuvumilika. Uamuzi ukawa ni kuweka vihisi sawasawa na uso wa ndani wa ganda, bila mrija wowote mbele yake, na kuikubali hatari kwamba baadhi vitakufa kwa vumbi.

Upandikizaji wenyewe ulimchukua fundi wetu muda kuliko nilivyopanga, na nadhani alikuwa na haki. Kila kihisi kimevishwa koti jembamba la gundi ya silikoni ili ganda linapopata moto na kujikunja lisikibane, kwa sababu kihisi kilichobanwa huripoti mbano huo kana kwamba ni shinikizo la hewa. Gundi ilipokauka alipitisha ukucha juu ya kila tundu, kutoka upande inakotoka hewa kuelekea inakokwenda. Pale ukucha uliponasa, kihisi kiling'olewa na kurudiwa. Kingo iliyochomoza hata kidogo inaweza kuzaa mshtuko wake mdogo, na tungekuwa tunapima kazi ya mikono yetu.

Vihisi vinane vimepangwa kwa mshazari kuanzia mbele kidogo ya ukingo wa mbele wa panga hadi nyuma ya ukingo wa nyuma. Mshazari unahitajika kwa sababu tunataka nafasi kati ya kihisi na kihisi, ukiipima kando ya mhimili, iwe ndogo kuliko vipenyo vyao vinavyoruhusu. Kila kimoja kina jirani yake, tundu la kawaida la kupimia shinikizo la wastani lililounganishwa kwa mpira na kipimo cha polepole. Vihisi vya silikoni husogeza sifuri yao joto linapobadilika, kwa hiyo hatuviulizi shinikizo la wastani ni kiasi gani. Tunaviuliza linabadilikaje tu, na wastani tunauchukua kwa jirani.

Aprili. Bomba la mshtuko

Kabla ya kukiamini kihisi mbele ya mshtuko usiojulikana, lazima kionyeshwe mshtuko unaojulikana. Bomba la mshtuko ni bomba refu lililogawanywa na karatasi ya plastiki; upande mmoja unajazwa naitrojeni hadi karatasi inapasuka, na mshtuko unakimbia kwenye hewa iliyotulia ya upande wa pili. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kipimo kingine cha shinikizo ili kujua ukubwa wa mruko. Vihisi viwili vilivyoachana kwa umbali uliopimwa vinatoa muda wa mshtuko kutoka kimoja hadi kingine, muda unatoa mwendo, mwendo unatoa namba ya Mach, na kanuni za Rankine na Hugoniot, zinazounganisha hali ya hewa kabla na baada ya mshtuko, zinatoa mruko wa shinikizo. Mshtuko wa Mach 1.3 hukimbia kama mita 446 kwa sekunde katika hewa ya chumba, na mruko wake ni mara 1.8, karibu kabisa na ule tunaoutarajia kwenye rota.

Kila kihisi kilijaribiwa mara mbili kwa namna tofauti, na hapa ndipo penye faida yote ya mwezi huu. Kikiwekwa kwenye kifuniko cha mwisho wa bomba, mshtuko hupiga uso wake wote kwa wakati mmoja, na kinachoonekana ni ukali wa kihisi na vifaa vyake vya umeme peke yao. Kikiwekwa ubavuni, mshtuko hupita juu ya uso wake kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwa mwendo huo kuvuka milimita 1.6 huchukua mikrosekunde 3.6. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni ukungu unaoletwa na ukubwa wa kihisi, nao ndio ukungu utakaokuwapo kwenye kompresa. Kama tulivyotegemea, kiwambo kinachofanya kazi ni kidogo kuliko mrija, kwa hiyo ukungu halisi ni pungufu ya hesabu hiyo ya juu.

Kwenye rota kuna nyongeza moja. Mshtuko hauvuki kihisi kwa kukiangalia uso kwa uso katika mwelekeo wa mzunguko. Umelala kwa mshazari kwa sababu hewa yenyewe huja kwa pembe. Ukichukulia kwamba umesimama wima dhidi ya hewa inayokuja, mstari wake unakatiza kihisi kwa mwendo wa mita zipatazo 340 kwa sekunde badala ya 377, na mrija mzima unavukwa kwa mikrosekunde 4.7. Umbo la mruko lililopatikana ubavuni mwa bomba limenyooshwa kulingana na mwendo huo, na ndilo litakalotumika kama kiolezo cha kuutafutia mshtuko mahali pake katika kila usomaji.

Mei. Alama ya mzunguko

Mizunguko ya kwanza kwa kasi kamili imefanyika, vali ya kutokea hewa ikiwa wazi vya kutosha ili kompresa ikae mahali pake salama. Ishara zinasomwa mara 500,000 kwa sekunde kwa kila kihisi, yaani kila baada ya mikrosekunde 2, muda ambao ncha ya panga husogea milimita 0.75. Kutoka panga moja hadi linalofuata ni mikrosekunde 185 na karibu milimita 70 za mzingo.

Mchoro wa kihisi kimoja kilicho ndani ya njia kati ya mapanga unasomeka vizuri hata kabla ya hesabu yoyote. Baada ya panga kupita, kihisi huwa upande wa mnyonyo, yaani upande wa nyuma wa panga, na shinikizo liko chini. Halafu mshtuko unafika na shinikizo linaruka juu kwa ghafla. Halafu linapanda polepole kuelekea upande wa shinikizo wa panga linalokuja. Na ncha ya panga inapopita shinikizo huporomoka tena. Kupanda kwa ghafla ni mshtuko, kuporomoka ni panga, na mpangilio huo unajirudia mara 18 katika kila mzunguko. Mzunguko hadi mzunguko, kuporomoka kunaangukia karibu mahali palepale, lakini kupanda kunacheza.

Suala la mwezi huu ni saa. Ili kulinganisha mizunguko mingi, kila mzunguko lazima uanze kuhesabiwa pale pale, na alama hiyo inatoka kwenye kihisi cha mwanga kinachotazama mchoro mweupe kwenye shafti. Mzunguko mmoja ni milisekunde 3.33. Mota haizunguki kwa usawa kamili, na mwendo ukipungua kwa sehemu moja tu ya elfu katika mzunguko, panga la mwisho huchelewa mikrosekunde 3.3, sawa na milimita 1.26 za ncha. Kwa maneno mengine, kuyumba kwa mota ambako hakuna mtu angekujali katika shughuli nyingine yoyote kunatosha kuuchora mshtuko mpana kwa zaidi ya milimita. Dalili yake inajulikana: mshtuko wa panga la kwanza baada ya alama huonekana mwembamba, na unazidi kunenepa panga hadi panga kufikia la kumi na nane. Tulipoweka wastani ghafi mezani, mteremko huo wa unene ulikuwapo waziwazi. Tiba ni kuugawanya upya kila mzunguko kati ya alama yake na alama inayofuata, ili nukta za kusoma zifuate pembe ya shafti na si saa, na baada ya hapo mapanga yote 18 yana unene unaolingana kwa jumla.

Juni. Panga kama rejea

Kilichobaki baada ya kuisafisha saa bado kimechanganyika. Kuna makosa madogo ya alama yenyewe, kuna mapanga yasiyofanana, kuna mapanga yanayotetemeka, na kuna mshtuko.

La mapanga yasiyofanana lina upande wake wa kupendeza. Hakuna kiwanda kinachotengeneza mapanga 18 yenye pembe ileile kabisa, na tofauti ndogo ya pembe au ya ukingo wa mbele hutosha kuusogeza mshtuko wa panga hilo na kubadili nguvu zake. Mishtuko isiyolingana nguvu, inaposafiri kwenda mbele ya rota, haibaki na nafasi sawa: yenye nguvu hukimbia zaidi na kuzifikia dhaifu. Sauti ambayo ingekuwa ya mpigo mmoja wa mapanga hugawanyika kuwa sauti nyingi, kila moja ikiwa kizidisho cha mzunguko wa shafti, ambacho kwetu ni hezi 300. Aliyewahi kukaa mbele ya injini kubwa ya ndege ya abiria wakati wa kupaa ameisikia: ule mngurumo kama wa msumeno unaokwaruza unaokoma rubani anapopunguza nguvu. Kihisi chetu cha mbele kabisa kinauonyesha mpangilio huohuo kwenye karatasi. Kwa mradi huu maana yake ni kwamba wastani wa mapanga yote pamoja haufai kutumika. Kila panga linapewa wastani wake, na mtu anayetaka kuchora njia moja ya wastani aseme wazi kwamba sehemu ya upana anaouchora imetokana na kiwanda.

La alama na la mtetemo tumelitatua kwa pamoja, na nakiri kwamba ndilo linaloniridhisha kuliko mengine yote hadi sasa. Kuporomoka kwa shinikizo panga linapopita kunasomwa na kihisi kilekile, kwa vifaa vilevile, kwa alama ileile, muda mfupi tu baada ya mshtuko. Kosa lolote la saa linayasogeza yote mawili kwa pamoja. Panga likiyumba, mshtuko uliolishikilia unayumba nalo. Kwa hiyo katika kila njia, katika kila mzunguko, hatupimi tena wakati wa mshtuko kutoka kwenye alama ya shafti. Tunapima tofauti kati ya wakati wa mshtuko na wakati wa panga linaloufuata. Kilicho cha pamoja kinajifuta, na hakuna haja ya kukadiria ukubwa wake kwanza.

Mbinu hii ina masharti. Karibu kabisa na ukingo wa mbele, mshtuko na panga vimeshikana na haviwezi kutenganishwa kwa wakati, kwa hiyo kihisi cha pili hakitumiki kwa kazi hii. Vihisi vya tatu, nne na tano, vilivyo ndani ya njia, ndivyo vinavyofaa. Pia kuporomoka kwenye panga si mruko safi, kwa kuwa ncha ina unene wake na hewa inachuruzika juu yake, hivyo wakati wake unachukuliwa pale mteremko ulipo mkali kuliko kwingineko. Tuliukagua uthabiti wake kwa kulinganisha wakati wa panga lilelile kwenye vihisi viwili vilivyo jirani, na unatosha.

Mahali pa uendeshaji wa kawaida, matokeo ni kwamba ukanda wa mshtuko umepungua na kuwa chini ya nusu ya ule wa wastani ghafi. Zaidi ya nusu ya upana ambao mtu angeuita mtikisiko wa hewa ulikuwa ni mota, kiwanda na kipenyo cha kihisi. Kinachobaki kina mgawanyo wenye kilele kimoja na mabega ya kulingana, aina ya mgawanyo unaotarajiwa pale mshtuko unaposukumwa na misukosuko midogo mingi isiyohusiana.

Julai. Kubana vali

Vali inapobanwa, hewa inayopita hupungua na shinikizo la nyuma ya rota hupanda. Mshtuko ambao ulikuwa umemezwa ndani ya njia husogea mbele, hujitenga na ukingo wa panga na kusimama mbele yake kama upinde. Kisulisuli cha ncha nacho hubadili pembe na kuelekea zaidi panga la jirani, na mahali kinapokatiza mshtuko, kiini chake, ambacho kina hewa ya mwendo mdogo, hakiwezi kuhimili kupanda kwa ghafla kwa shinikizo. Huvimba na kuziba sehemu ya njia. Mwanya wa ncha ndio unaoamua nguvu ya kisulisuli hicho. Kwenye Rotor 37 mwanya uliokusudiwa ni milimita 0.356 tu, na hata hivyo alama ya hewa inayochuruzika inaonekana sehemu kubwa ya njia.

Tulibana kwa hatua ndogo, mwenzangu akiwa na vali ya dharura ya kuachia hewa mkononi. Tahadhari hii si ya kupamba ripoti. Howard Emmons na wenzake walieleza mwaka 1955 jinsi hewa inavyokatika na kuzunguka: njia moja ikiziba, hewa hugawanyika pembeni yake, panga la upande mmoja hupata pembe mbaya zaidi na kukatikiwa, la upande wa pili hupata nafuu, na doa lililoziba linatembea hivyo kuzunguka rota kwa mwendo mdogo kuliko rota yenyewe. Ivor Day wa Cambridge alionyesha mwaka 1993 kwamba mwanzo wake mara nyingi ni mchomo mfupi unaoshika njia chache tu na kukua ndani ya mizunguko michache. Kwa mizunguko yetu 300 kwa sekunde, mizunguko michache haimpi binadamu nafasi ya kufikiri, kwa hiyo vali ya dharura inasikiliza kihisi moja kwa moja na mwenzangu ni wa ziada.

Jambo jipya limejitokeza katika hatua ya mwisho kabla ya mpaka, kwenye kihisi cha tatu. Mgawanyo wa mahali pa mshtuko haukupanuka tu, umekuwa na vilele viwili. Katika mizunguko mingine mshtuko uko mbele, katika mingine uko nyuma, na katikati kuna bonde. Wastani wa kawaida unaangukia ndani ya bonde, mahali ambapo mshtuko huonekana kwa nadra kuliko kwingineko. Ramani ya wastani ingechora hapo mteremko mpana na laini wa shinikizo, na anayelinganisha programu yake na ramani hiyo angejaribu kuilazimisha itoe kitu ambacho hakipo katika hewa wakati wowote.

Tumelifuata jambo hili kwa kugawa mizunguko katika makundi mawili kulingana na mahali pa mshtuko kisha kuangalia vihisi vya nyuma vinasema nini katika kila kundi. Mshtuko unapokuwa mbele, eneo la kisulisuli kwenye vihisi vya tano na sita lina shinikizo lenye msukosuko mkubwa zaidi. Unapokuwa nyuma, eneo hilo limetulia. Uhusiano huo unaendana na picha ya kisulisuli kinachovimba na kusinyaa kwa zamu, huku kikiusukuma mshtuko. Hauthibitishi nani anamsukuma nani. Katika masafa (ishara ikichambuliwa kwa idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde), kuna kilima kipana chini ya mpigo wa mapanga ambacho hakikuwapo mahali pa kawaida, lakini sijaridhika kukihusisha na vilele viwili hadi kionekane pia katika tofauti ya wakati kati ya mshtuko na panga, kwa sababu kwenye ishara ghafi kitu chochote kinachozunguka rota kinaweza kukifanya.

Agosti. Leza na yanayofuata

Kikundi cha leza kimekuwa kikipima njia hiyohiyo kupitia dirisha la ganda, kwa kupiga picha mbili za haraka za vitone vya mafuta vinavyobebwa na hewa na kupata mwendo kutokana na vilivyosogea. Tulitarajia kutumia picha zao kuhakiki upana wetu, lakini leza nayo ina ukungu wake. Kitone cha mafuta chenye kipenyo cha mikromita moja kinahitaji kama mikrosekunde 2.8 kuizoea hewa mpya, na baada ya mshtuko kinasafiri karibu milimita moja kikiwa bado na mwendo wa zamani. Milimita moja ni ukubwa uleule wa mtikisiko tunaoutafuta. Kitone cha nusu kipenyo kinazoea kwa robo ya muda huo, lakini hung'aa hafifu sana na picha za karibu na ganda, ambako nuru ya leza inaakisiwa na chuma, zinaharibika. Mahali ambapo leza inatuzidi ni chini ya ganda, ambako vihisi vyetu havioni kabisa: picha za urefu wa panga zinaonyesha kwamba ukanda wa mshtuko hupungua upana kadiri unavyoshuka kutoka kwenye ncha, jambo linaloelekeza kidole kwa kisulisuli cha ncha na kuipunguzia lawama misukosuko ya hewa inayoingia.

Kwa awamu inayofuata tumekubaliana mambo matatu. Kikundi cha leza kitapanga picha zake katika makundi mawili kwa kutumia kihisi cha tatu kama mwamuzi, ili ijulikane kama vilele viwili vinaonekana pia katika mwendo wa hewa chini ya ganda. Pete ya pili ya vihisi itapandikizwa kwa pembe ya tofauti kuzunguka ganda, kwa sababu kwa safu moja hatuwezi kujua kama njia zote 18 hubadilika pamoja, au kila moja kwa wakati wake, au kama badiliko hilo linatembea kutoka njia hadi njia. Na ganda litabadilishwa kwa lile lenye mwanya mkubwa zaidi wa ncha; kama kisulisuli ndicho chanzo, vilele viwili vinapaswa kujitokeza mapema zaidi vali inapobanwa, kwa hewa nyingi kuliko sasa. Fundi ameshaanza kutoboa matundu ya pete ya pili, na vihisi viwili vilivyokufa kwa vumbi mwezi Julai vimeng'olewa pamoja na gundi yake ili vikachunguzwe kabla ya kuagiza vingine.